Kufuli Lililomo Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani

Neno la siri linaloandikwa kila kompyuta inapowashwa halifichi faili hata moja. Kazi yake ni ya bawabu: humzuia mgeni mlangoni, ilhali vitu vyote ndani ya nyumba vimekaa wazi mezani. Diski ikichomolewa kwa bisibisi na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, bawabu hayupo tena. Picha, mikataba, vyeti vya shule na hesabu za duka husomeka kama zilivyo. Mafundi hufanya hivyo kila siku kwa nia njema, kuokoa data za mteja ambaye Windows yake imekataa kuwaka. Hata bisibisi si lazima. Flashi yenye mfumo wa Linux ikichomekwa na kompyuta ikawashwa kupitia hapo, diski nzima huonekana bila neno la siri kuulizwa. Ruhusa ambazo Windows huziweka kwenye folda za kila mtumiaji huheshimiwa na Windows yenyewe tu, tena ikiwa macho. Mfumo mwingine ukishika usukani, ruhusa hizo ni maandishi matupu.

Usimbaji fiche ndio unaoziba pengo hilo. Hauweki mlinzi mbele ya data. Unazibadilisha data zenyewe. Kila kipande cha faili hupitishwa kwenye hesabu inayotegemea ufunguo, na kinachoandikwa kwenye diski ni mchafuko wa tarakimu usio na maana kwa asiye na ufunguo huo. Mwizi anaweza kuichomoa diski, akainakili, akaiweka ndani miaka kumi, na bado akawa na mchafuko uleule.

Hesabu inayotumiwa na karibu kompyuta zote za leo inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikashinda mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1997 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kisha ikatangazwa kuwa kiwango rasmi Novemba 2001. Kanuni zake zimechapishwa wazi na yeyote anaweza kuzisoma. Siri yote imo kwenye ufunguo. Ufunguo mfupi kabisa wa AES una biti 128, maana yake idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Mashine inayojaribu funguo trilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka ambayo hesabu yake ina tarakimu 20 ili kuzimaliza zote. Ndiyo maana anayetaka kuiba data zilizosimbwa hapotezi muda kushambulia AES. Hutafuta pale ufunguo ulipowekwa, na huko ndiko mtumiaji naye anakopaswa kuelekeza macho.

Kwenye Windows kuna njia mbili zilizojengwa ndani ya mfumo wenyewe, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza husimba faili mojamoja au folda, inaitwa EFS. Ya pili husimba diski nzima. Inaitwa BitLocker, na ndugu yake mdogo hupatikana kwenye matoleo ya Home. Hazifanyi kazi moja, wala hazivunjiki kwa namna moja.

EFS ilikuja na Windows 2000. Kuitumia ni rahisi mno: folda hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, sifa zake hufunguliwa, kisha kwenye mipangilio ya ziada huwekwa tiki kwenye mstari wa mwisho unaohusu kusimba yaliyomo. Basi. Tangu hapo mwenye akaunti hufungua na kuhifadhi faili zake kama kawaida bila kuulizwa neno lolote la ziada, na Windows husimba na kusimbua chinichini. Dalili pekee ni jina la faili kuwa la kijani kwenye matoleo ya zamani, au alama ndogo ya kufuli kwenye matoleo mapya. Mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyohiyo akibofya faili hiyo huambiwa amekataliwa, hata kama ana mamlaka ya msimamizi.

Utaratibu ulio nyuma ya urahisi huo unastahili kueleweka, kwa sababu maafa yote ya EFS hutokana nao. Kila faili hupewa ufunguo wake wa peke yake, na ufunguo huo ndio unaosimba yaliyomo. Kisha ufunguo wenyewe hufungiwa ndani ya kasha kwa ufunguo wa umma wa mtumiaji, na kasha hubandikwa kwenye faili. Wa kulifungua kasha ni mmoja tu: ufunguo wa faragha wa mtumiaji huyo, unaotunzwa ndani ya wasifu wake kwenye diski hiyohiyo, nao umelindwa kwa siri inayotokana na neno lake la kuingilia. Kwa hiyo mnyororo una pingu tatu, na ya mwisho ni lile neno la siri ambalo watu hulichagua kwa haraka na kulibandika kwa karatasi pembeni mwa skrini. Mwizi aliyechukua diski anaweza kujaribu mamilioni ya maneno dhidi ya kumbukumbu za akaunti zilizomo humo bila haraka na bila kuonekana na mtu. Neno kama 123456, au jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, halitamchukua muda. AES ya biti 256, ambayo EFS imeitumia tangu 2002, haimsaidii mtu aliyeacha ufunguo chini ya mkeka.

Pingu ya kati ndiyo inayowaliza watu. Ufunguo wa faragha umo ndani ya wasifu wa mtumiaji, si ndani ya faili. Fundi akiombwa apige Windows upya kwa sababu kompyuta imekuwa nzito, hufanya kazi yake vizuri: huhamishia folda za mteja kwenye diski ya nje iliyopangwa kwa muundo wa NTFS, hufuta, huweka mfumo mpya, hurudisha folda. Faili zote zipo, majina yapo, ukubwa ni uleule, na hakuna hata moja inayofunguka. Mtumiaji mpya kwenye Windows mpya, ajapokuwa na jina lilelile na neno la siri lilelile, kwa kompyuta ni mtu mwingine kabisa. Kama wasifu wa zamani ulinakiliwa mzima na neno la zamani linajulikana, zipo programu maalumu zinazoweza kuufufua ufunguo. Kama wasifu ulifutwa, hakuna wa kumlilia, hata Microsoft wenyewe.

Karibu na hilo kuna mtego wa neno la siri lililosahauliwa. Kubadilisha neno la siri kwa kawaida, yaani kuandika la zamani kwanza na kisha jipya, hakuna madhara, kwa kuwa Windows huufungua ufunguo wa faragha kwa la zamani na kuufunga tena kwa jipya. Lakini neno likifutwa kwa nguvu na msimamizi, au na fundi mwenye flashi ya kuvunjia, Windows haipati nafasi ya kuufungua ufunguo huo. Akaunti hufunguka, faili zilizosimbwa hubaki zimefungwa. Mwenyewe akilikumbuka neno la zamani na kulirejesha, hufunguka tena.

Kinga ya yote mawili ni moja na huchukua dakika tano: kuhamisha cheti cha EFS pamoja na ufunguo wake wa faragha kwenda kwenye faili yenye tamati ya .pfx, kuifunga faili hiyo kwa neno lake la siri, na kuiweka nje ya kompyuta. Windows yenyewe humkumbusha mtumiaji kufanya hivyo mara anaposimba faili ya kwanza, kwa kijialama kinachojitokeza chini ya skrini. Wengi hukifunga bila kukisoma. Anayetaka kutumia EFS na hayuko tayari kuutoa ufunguo huo ni heri asiitumie kabisa, maana hatari ya kujifungia nje kwa mkono wake mwenyewe ni kubwa kuliko hatari ya mwizi.

EFS pia huvuja. Husimba yaliyomo, si majina; faili inayoitwa “Matokeo ya vipimo vya hospitali” imeshasema nusu ya siri kabla haijafunguliwa. Kwenye matoleo ya Windows ya kabla ya 2016 haikufanya kazi nje ya diski zilizopangwa kwa muundo wa NTFS, na flashi nyingi huuzwa zikiwa na FAT32 au exFAT. Faili ikinakiliwa huko kwa matoleo hayo hutua ikiwa wazi. Ikiambatishwa kwenye barua pepe huondoka ikiwa wazi vilevile. Programu za kuandikia huacha nakala za muda kwenye folda nyingine ambazo hazikusimbwa. Na faili iliyokuwepo kabla ya kusimbwa huacha kivuli chake kwenye sehemu za diski zinazohesabiwa kuwa tupu, mahali ambapo programu za kuokoa faili zilizofutwa hupekua. Kwa kivuli hicho kuna amri iliyomo ndani ya Windows, cipher /w, ikifuatiwa na njia ya diski, ambayo huandika juu ya nafasi yote iliyo wazi mara tatu: sifuri tupu, kisha moja tupu, kisha tarakimu za kubahatisha. Kwenye diski ngumu za kuzunguka amri hiyo hufanya kazi sawasawa. Kwenye SSD haina uhakika huo, kwa kuwa diski yenyewe huamua pa kuandika na huweza kuacha vipande vya zamani kwenye akiba yake ya ndani. Ni busara basi kuunda folda iliyosimbwa kwanza, na kuzizalia faili za siri humohumo.

Jambo la mwisho kuhusu EFS: matoleo ya Home hayana. Na kompyuta nyingi zinazonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani huja na Home.

BitLocker iliingia madukani pamoja na Windows Vista mwaka 2007, ikiwa na fikra tofauti: badala ya kuchagua kipi ni siri na kipi si siri, isimbwe diski yote, ikiwamo Windows yenyewe, faili za muda, vivuli vya zilizofutwa, na kumbukumbu za akaunti ambazo mwizi wa EFS alizitegemea. Uvujaji wote wa ndani ya diski uliotajwa juu huzibwa kwa pigo moja ilimradi kompyuta imezimwa. Kwa mtu wa kawaida mwenye kompyuta mpakato inayobebwa kwenye daladala au matatu, hii ndiyo njia ya kuanzia. EFS inabaki na faida moja ya kweli, kuwatenganisha watumiaji wawili wa kompyuta moja iliyowashwa, na hiyo ni haja ya wachache.

Hapa pia funguo zimepandana. Diski husimbwa kwa ufunguo mmoja. Huo umefungwa ndani ya ufunguo mkuu. Na ufunguo mkuu unaweza kufungwa kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, kama sanduku lenye milango miwili mitatu. Ndiyo sababu mtu anaweza kubadilisha namna ya kufungua bila diski kusimbwa upya. Mlango wa kawaida ni chipu ya TPM, iliyo kwenye ubao mama au ndani ya prosesa. Kompyuta ikiwashwa, chipu hupima hatua za uwashaji, na zikiwa zilezile zilizozoeleka huutoa ufunguo bila kumsumbua mtu. Diski ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, au kompyuta ikiwashwa kwa flashi ya kigeni, vipimo havilingani na chipu hunyamaza.

Mlango wa pili ni ufunguo wa urejeshaji: tarakimu 48 zilizogawanywa makundi manane ya tarakimu sita. Makundi hayo hayakupangwa ovyo. Kila moja hugawanyika kwa 11 bila baki, na hakuna linalozidi 720885, hivyo kosa la kunakili hubainika kundi lilelile linapoandikwa. Anayeuandika ufunguo wake kwa mkono anaweza kuukagua mwenyewe: kundi lolote linaloanza na 8 au 9 limekosewa.

Tarakimu hizo huitwa siku isiyotarajiwa. Fundi amebadilisha ubao mama, au sasisho la BIOS limeingia, au mpangilio fulani wa uwashaji umeguswa, na asubuhi kompyuta inaamka na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa urejeshaji. TPM imeona mabadiliko na haiwezi kutofautisha fundi na mwizi. Kabla ya kazi ya namna hiyo BitLocker husimamishwa kwa muda kutoka kwenye mipangilio yake, kisha hurudishwa. Data hazisimbuliwi, ni ufunguo tu unaoachwa wazi kwa kitambo. Aliyesahau hatua hiyo na hana tarakimu zake amepoteza diski. Fundi anayedai kwamba ataivunja kwa malipo ya ziada anauza maneno.

Kichekesho chenye uchungu ni kwamba wengi wanaokutana na skrini hiyo hawajawahi kuwasha BitLocker. Tangu Windows 8.1, kompyuta zenye vifaa vinavyofaa hujisimba zenyewe, hata za toleo la Home, mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Na toleo la 24H2 la Windows 11 lililegeza masharti ya vifaa, hivyo kompyuta nyingi zaidi zikaingia kwenye mkondo huo. Ufunguo wa urejeshaji hupelekwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Muuzaji wa dukani anayetaka kumrahisishia mteja huweza kuiandaa kompyuta kwa akaunti ya duka, au kwa barua pepe aliyoitunga papo hapo na kuisahau jioni yake. Miaka miwili baadaye mteja anaulizwa tarakimu 48 ambazo zimelala kwenye akaunti isiyo yake. Mnunuzi wa kompyuta, mpya au ya mtumba, afanye mwenyewe ule uwashaji wa kwanza, au airudishe kompyuta kwenye hali ya kiwandani na kuanza upya kwa akaunti yake.

Kujua hali ilivyo ni kazi ya dakika moja. Kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi huandikwa manage-bde -status, na jibu huonyesha kila diski, kiwango kilichosimbwa kwa asilimia, na kama ulinzi umewashwa au umezimwa. Mistari hiyo miwili isomwe pamoja. Inawezekana kabisa diski ikawa imesimbwa kwa asilimia 100 huku ulinzi ukiwa umezimwa. Ni hali ya kompyuta iliyojisimba yenyewe lakini mwenyewe akaingia kwa akaunti ya kompyuta tu, isiyounganishwa na Microsoft: ufunguo umeachwa wazi kwenye diski ukingoja kufichwa, mfano wa mlango uliofungwa na funguo zikaachwa kitasani. Amri manage-bde -protectors -get C: nayo huzionyesha tarakimu 48 zenyewe, muda wote kompyuta ikiwa bado inafunguka. Wakati wa kuziandika ni huo.

Kwenye toleo la Pro mtumiaji huwasha BitLocker mwenyewe na huulizwa maswali mawili yenye uzito. La kwanza ni pa kuhifadhi ufunguo wa urejeshaji: akaunti ya Microsoft, faili, au karatasi. Karatasi inadharauliwa bila sababu. Haiingiliwi na mdukuzi wa mbali, haihitaji chaji, na hukaa vizuri kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. La pili ni kama isimbwe nafasi iliyotumika tu au diski yote. Kompyuta mpya kabisa haina vivuli vya zamani, hivyo nafasi iliyotumika inatosha na kazi huisha upesi. Iliyokwisha kutumika kwa miaka isimbwe yote, ijapokuwa huchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika: kompyuta ikiwashwa tena, usimbaji huendelea pale ulipoishia. Wepesi wa kompyuta nao haupungui kwa kiasi cha kuonekana katika kazi za kawaida, maana prosesa nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi na mitano iliyopita zina maelekezo maalumu ya kufanya hesabu za AES.

Zipo SSD zinazojitangaza kuwa zinajisimba zenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba kwenye aina kadhaa za diski hizo, tena za watengenezaji wakubwa, data ziliweza kufunguliwa bila neno la siri. BitLocker ilikuwa ikizitegemea diski hizo pale ilipozikuta. Mwaka uliofuata Microsoft waliibadilisha ili isimbe kwa programu yenyewe isipoamriwa vinginevyo. Tangazo lililoandikwa kwenye boksi la diski lisichukuliwe kuwa ulinzi.

Udhaifu wa TPM ikiwa peke yake ni kwamba hufungua diski kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kuwa ni nani. Mwizi aliyeiba kompyuta nzima, si diski tu, huiwasha na kuikuta kwenye skrini ya kuingilia huku diski ikiwa tayari imefunguliwa nyuma yake. Kinachobaki kati yake na data ni bawabu yule wa mwanzo. Kwenye baadhi ya kompyuta ambazo TPM ni chipu iliyojitenga, watafiti wamewahi kuunasa ufunguo ukipita kwenye nyaya kati ya chipu na prosesa. Anayebeba siri za watu, tuseme wakili au mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, aongeze namba ya siri inayoulizwa kabla Windows haijaanza. Toleo la Pro huiruhusu kupitia sera za kikundi (Group Policy) za Windows. Kwa picha za harusi na kazi za shule, TPM pekee inatosha.

Usimbaji wote uliotajwa hulinda data zilizolala. Kompyuta ikiwa imewashwa na mwenyewe ameingia, hakuna kilichofichwa: kirusi husoma faili kama mwenyewe anavyozisoma, na programu zinazoteka faili na kudai fidia husimba juu ya usimbaji bila kizuizi. Tarehe 1 Oktoba 2013, makachero wa Marekani waliokuwa wakimfuatilia Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road, walimngoja mpaka akae kwenye maktaba ya umma mjini San Francisco na kuifungua kompyuta yake. Wakamgeuza macho kwa ugomvi wa kuigiza na kuinyakua kabla hajaifunika. Hawakuhitaji kuvunja usimbaji wowote. Mwizi wa kwenye mgahawa hana ujanja huo, lakini naye akinyakua kompyuta iliyo wazi anapata yote.

Kuifunika tu hakutoshi pia. Kompyuta iliyolala kwa kufunikwa bado inaushika ufunguo ndani ya RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walithibitisha kwamba RAM haisahau papo hapo umeme unapokatwa. Wakiipoza kwa kopo la hewa lililogeuzwa juu chini, data zilidumu dakika kadhaa, muda wa kutosha kuhamisha vipande vya RAM na kuusoma ufunguo. Jambo hilo si la vibaka wa mitaani, ila tiba yake haina gharama: kabla ya safari kompyuta izimwe kabisa.

Kwa watumiaji wa Mac mambo ni mepesi zaidi. FileVault ilianza mwaka 2003 ikisimba folda ya mtumiaji peke yake, ikageuka kuwa ya diski nzima mwaka 2011. Mac zenye chipu ya Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, husimba diski muda wote. Kuwasha FileVault ni kuufunga ufunguo kwa neno la siri la mtumiaji, ndiyo maana hukamilika papo hapo. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na LUKS, na wakati bora wa kuichagua ni siku ya kuweka mfumo, maana kusimba baadaye ni usumbufu mkubwa. LUKS ina nafasi nane za maneno ya siri, na toleo lake la pili lina hadi 32, hivyo kila mmoja katika familia anaweza kuwa na neno lake kwa diski ileile.

Flashi hupotea zaidi kuliko kompyuta, na husahauliwa zaidi. Windows Pro inaweza kuzisimba kwa BitLocker To Go tangu Windows 8. Flashi iliyosimbwa hivyo hufunguka kwa neno lake hata kwenye kompyuta ya Home, ingawa Home yenyewe haiwezi kuisimba. Mwenye Home anaweza kuzifunga faili zake ndani ya kifurushi cha 7-Zip chenye neno la siri, akichagua muundo wa 7z ambao hutumia AES ya biti 256 na huruhusu hata majina ya faili kufichwa. Programu hiyo ni ya bure, ila haimo ndani ya Windows.

Diski iliyosimbwa ikifa, hufa vibaya zaidi. Kwenye diski ya kawaida iliyoharibika, fundi wa kuokoa data huokota vipande hapa na pale. Kwenye iliyosimbwa, sehemu zenye ufunguo zikiharibika hata vipande vizima havisomeki. Nakala ya akiba kwenye diski nyingine ya nje, nayo ikiwa imesimbwa, ni sehemu ya mpango wenyewe tangu siku ya kwanza. Ufunguo wa urejeshaji usiwekwe kwenye diski unayoifungua, wala .pfx isiachwe kwenye kompyuta ilikotoka. Mtu mmoja wa kuaminika nyumbani ajue bahasha ilipo. Mwenye kompyuta akifariki, warithi hurithi mashine, na bila tarakimu zile hawarithi picha hata moja.

Siku ya kuiuza au kuigawa kompyuta, usimbaji hulipa fadhila zake. Kufuta diski isiyosimbwa kwa uhakika ni kazi ya saa nyingi, na kwenye SSD uhakika haukamiliki. Iliyosimbwa tangu mwanzo huhitaji kuharibiwa ufunguo tu: kompyuta hurudishwa kwenye hali ya kiwandani kwa chaguo la kuondoa kila kitu, funguo za zamani hufutwa, na hata vipande vilivyosalia kwenye akiba ya diski hubaki mchafuko. Baada ya hapo ufunguo wa kompyuta hiyo uondolewe kwenye akaunti ya Microsoft, na karatasi yake ichanwe.